Mteja anapodai hela yake: mwongozo kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Kigoma

Muuzaji wa Kigoma ana tatizo ambalo mwenzake wa Kariakoo hulisikia kwa mbali tu, nalo ni umbali. Mteja wa Dar akinunua kitenge Kariakoo akakuta kina tundu, bodaboda anakirudisha mchana huohuo. Akinunua kwako wewe uliyeko Mwanga au Ujiji, mzigo umepakiwa stendi ya mabasi ya Masanga, umepita Kasulu na Kibondo au Uvinza na Tabora, umelala njiani, na mteja ameufuata kwenye ofisi ya basi. Kuurudisha ni safari ileile kuanzia mwanzo, na nauli nyingine juu yake. Mara nyingi nauli hiyo inakaribia bei ya bidhaa yenyewe.

Kwa hiyo migogoro yetu mingi huamuliwa bila muuzaji kuiona tena bidhaa yake. Huamuliwa kwa picha, video, risiti na maneno yaliyoandikwa kwenye simu. Ukilielewa hilo tangu mwanzo, utajua kwa nini nusu ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla mteja hajalalamika.

Jambo la pili ni kwamba katikati yenu hakuna mtu. Jumia walifunga shughuli zao Tanzania Novemba 2019, na biashara kubwa ya watu wa kawaida imebaki WhatsApp, Instagram, Facebook na TikTok. Hela inatoka kwa mteja inaingia moja kwa moja kwenye simu yako, iwe M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa. Hakuna kampuni inayoishikilia mpaka mteja aseme mzigo umefika salama. Wewe ndiye unayedaiwa, na wewe huyohuyo ndiye unayeamua. Nawaomba wenzangu tulibebe jukumu hilo kwa uzito wake, kwa sababu mteja mmoja aliyedhulumiwa huko Mbagala hasemi jina la muuzaji. Anasema "vitu vya Kigoma usinunue mtandaoni", na anayeumia ni mama wa Katonga anayeanika dagaa wake kwa uaminifu.

Hatua ya 1: Andika masharti kabla hujauza

Masharti yakitajwa baada ya ugomvi kuanza, mteja huyaona kama kisingizio hata yakiwa ya haki. Yaweke mahali anapoyakuta kabla ya kulipa: kwenye maelezo ya akaunti, kwenye katalogi ya WhatsApp, na uyatume tena pamoja na bei. Yawe mafupi, kwa Kiswahili cha kawaida. Kwa anayeuza dagaa, migebuka na vitenge, yanaweza kuwa hivi:

"Dagaa na migebuka hawarudishwi kwa kuwa ni chakula. Wakifika wameharibika, wana mchanga au uzito umepungua, nitumie video ndani ya saa 48 tangu uchukue mzigo. Nitakurudishia hela au nitakutumia wengine, utachagua wewe. Kitenge kinarudishwa ndani ya siku 7 kama hakijakatwa, hakijashonwa wala kufuliwa. Kosa likiwa langu, nauli ya kurudisha nalipa mimi. Ukibadili mawazo, nauli ni yako."

Angalia kilichofanyika hapo. Kila bidhaa ina sharti lake, muda unaanza kuhesabiwa mteja anapochukua mzigo (siyo siku ulipoutuma, maana basi likichelewa mteja hana kosa), na suala la nauli limekwisha kusemwa. Nauli ndiyo inayogombanisha watu kuliko bei.

Wauzaji wengi wanaandika "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" wakidhani wamejikinga. Kwa mteja aliyebadili mawazo tu, unaweza kusimama hapo. Lakini maneno hayo hayakupi ruhusa ya kupeleka kitu tofauti na ulichokitangaza. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Picha yako ya Instagram ni maelezo. Ukipakua picha ya kitenge cha mtu mwingine ukapeleka kinachofanana nacho, umeshindwa kesi kabla haijaanza. Piga picha mzigo wako mwenyewe, nje, kivulini, bila kuongeza rangi kwa programu ya simu.

Hatua ya 2: Usipokee hela ya mzigo ambao hujaushika

Hii inawahusu zaidi wauza samaki. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti vizuri, wavuvi wengi hupumzika, mwaloni Kibirizi na Katonga mzigo unapungua na bei inapanda. Mwaka 2024 serikali ilisitisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mteja wa Dodoma hayajui haya. Yeye anajua kwamba Jumatatu alilipa na Jumatatu ya pili hana dagaa.

Kama huna mzigo mkononi, sema huna. Kama mteja mwenyewe anasisitiza kulipa mapema ili awekewe oda, pokea kwa maandishi yenye tarehe: "Nimepokea hela ya kilo 10. Sasa hivi ni mbalamwezi, natarajia kupata mzigo kati ya tarehe hii na hii. Ikifika tarehe hiyo sijautuma, nakurudishia hela yote pamoja na ya kutolea, labda uniambie nisubiri." Na bei ikipanda baada ya wewe kupokea hela, hasara hiyo ni yako. Usimwambie mteja aongeze. Ulimtajia bei, akalipa, mmekubaliana.

Hela ya oda isichanganywe na hela ya kula. Iache kwenye simu au kibubu chake mpaka mzigo upande basi, kwani muuzaji aliyekwisha kuitumia ndiye anayeanza kutopokea simu, na hapo uchelewaji wa kawaida unageuka kuwa tuhuma ya utapeli.

Hatua ya 3: Fungasha mbele ya kamera

Hatua hii ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kwa kisingizio cha "nina haraka, basi linaondoka".

Chukua video moja isiyokatwa. Video zenye vipande vipande hazisaidii, kwa sababu mteja ana haki ya kuuliza nini kilitokea katikati. Kwa dagaa, anza na mizani tupu inayosoma sifuri. Weka dagaa, acha namba itulie, isogelee isomeke. Kisha ingiza mkono katikati ya mzigo, siyo juu, uchote kiganja umwage kwenye sinia jeupe na ulitikise kidogo. Mchanga kama upo utaonekana kwenye sinia. Dagaa walioanikwa kwenye kichanja huwa safi. Walioanikwa chini huwa na mchanga, hata kama kidogo. Wote wananunulika, bei ni tofauti, na mteja anapaswa kujua analipia wepi. Muuzaji anayeuza wa chini kwa jina la wa kichanja hawezi kusaidiwa na mwongozo wowote.

Baada ya hapo funga kiroba, andika jina na namba ya simu kwa maka peni, onyesha kamba ilivyofungwa, ndipo uzime kamera.

Kwa kitenge, kitandaze na upitishe utepe wa kupimia. Yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu. Onyesha ncha zote mbili na upite pande zote taratibu, maana malalamiko ya vitenge ni matatu tu: kifupi, kina doa au tundu, na rangi siyo ileile.

Mawese yanahitaji mikono mizuri. Usijaze dumu mpaka mdomoni, kwa sababu mafuta yakipata joto yanatanuka na kusukuma kifuniko. Weka nailoni mdomoni, kaza kifuniko juu yake, kausha nje ya dumu kwa kitambaa, kisha ulilaze ubavu juu ya gazeti kwa muda. Gazeti likibaki kavu, dumu liko salama kusafiri. Likiwa na alama nyekundu hata ndogo, fungua uanze upya. Hiyo alama ndogo, kwa mtikisiko wa safari nzima, ndiyo itakayoloanisha mzigo wa mtu mwingine, na utadaiwa na watu wawili.

Ofisini kwa basi, taja kilichomo na thamani yake, na hakikisha vimeandikwa kwenye risiti. Risiti nyingi zina maneno yanayoiondolea kampuni lawama kwa mzigo usiotajwa thamani. Soma nyuma ya karatasi. Piga picha risiti, mtumie mteja pamoja na namba ya ofisi atakayochukulia mzigo, na uongeze sentensi hii: "Tafadhali kabla hujakata kamba washa video, ili kukiwa na tatizo tusisumbuane." Wengi hufanya. Asiyefanya hajapoteza haki yake, ila wote wawili mmepoteza njia rahisi ya kuujua ukweli.

Hatua ya 4: Jibu la kwanza

Lalamiko likiingia, jibu mapema hata kama huna suluhisho. Mteja aliyetuma hela kwa mtu asiyemjua, mkoa wa mbali, ana hofu kubwa kuliko hasira. Saa sita za kimya zinatosha kumfanya aanze kuandika "tapeli" chini ya kila picha yako.

Andika, usitume sauti. Sauti hubeba ukali ambao hukuukusudia, na ni vigumu kuitumia baadaye kama kumbukumbu. Kwa mtu mzima anza na shikamoo yake, ugomvi haufuti adabu. Mfano:

"Shikamoo mama. Pole sana kwa usumbufu. Nimeona ujumbe wako na nalishughulikia. Naomba unitumie picha tatu: mzigo ulivyo sasa, mahali penye tatizo kwa karibu, na risiti ya basi. Kama ulichukua video ukifungua, nitumie pia. Kesho kabla ya saa sita mchana nitakupa jibu kamili."

Kwa rika lako utasema dada au kaka, ujumbe ni uleule. Hakuna mahali umekubali kosa na hakuna mahali umemkatalia. Umempa pole, umeomba ushahidi, umetaja muda. Muda ulioutaja uheshimu. Kama bado unasubiri jibu la ofisi ya basi, mwandikie saa hiyohiyo umwambie bado unasubiri.

Kama amelalamika hadharani, mjibu hapohapo kwa sentensi moja ya heshima kisha mwendelee faraghani. Usifute maneno yake wala usimzuie. Wateja wengine wanaangalia, na kwao kumfuta ni kukiri.

Hatua ya 5: Kosa limetokea wapi

Linganisha video yako, picha zake na masharti yenu. Utakuta kosa ni lako, au ni la njiani, au ni la mteja, au halipo kabisa.

Kosa likiwa lako (umepima pungufu, umepeleka kitenge kingine, dagaa hawakukauka vizuri wakaota ukungu) kubali kwa maneno ya wazi na ulipe lote. Usianze kujadiliana nusu. Mteja aliyepata haki yake yote kwa haraka hununua tena. Aliyezungushwa hadi akapata nusu hakurudii hata ukimpa bure.

Kosa la njiani ndilo gumu. Dumu lilipasuka, kiroba kililowa mvua ya masika, boksi halionekani. Mteja hana mkataba na basi, mwenye risiti ni wewe. Kisheria mnaweza kubishana sana nani alibeba hatari ya safari, na jibu hutegemea mlivyokubaliana. Ushauri wangu ni kwamba kwa mizigo midogo mlipe mteja kwanza, halafu wewe ufuatilie basi. Yeye hawezi kwenda kugombana na ofisi iliyoandikiana na wewe. Peleka lalamiko kwa maandishi kwenye ofisi uliyopakia, ukiwa na risiti, picha za mzigo ulivyokuwa na ulivyofika. Wakikuzungusha, LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, hupokea malalamiko dhidi ya wasafirishaji. Kwa mizigo mikubwa, gunia kwa gunia, andikianeni kabla ya safari nani anabeba hasara ya njiani.

Kosa la mteja linajulikana kwa masharti yenu. Kitenge kimeshapita kwenye mkasi wa fundi, halafu anasema hakipendi. Dagaa waliachwa kwenye ofisi ya basi wiki nzima kwa sababu alisafiri. Hapa kataa, lakini kataa kwa kumwonyesha: tuma ujumbe wa masharti aliousoma, tuma picha, eleza kwa upole. Ukiweza kumsaidia kwa namna isiyokugharimu sana, msaidie, kwa mfano kumtafutia mnunuzi mwingine wa kitenge hicho hukohuko aliko. Isemwe wazi kwamba ni hisani, ili kesho isidaiwe kama haki.

Lililobaki ni lalamiko lisilo na kosa, na wauza mawese wanalijua vizuri. Mteja wa Njombe au Arusha anapokea dumu mwezi wa Juni au Julai, anakuta nusu ya chini imeganda kama samli na juu kuna mafuta mekundu mepesi. Anapiga simu amekasirika: umemchanganyia. Hujamchanganyia. Mawese yana mafuta ya aina zaidi ya moja ndani yake. Baridi ikizidi, sehemu nzito huganda na kushuka chini, nyepesi hubaki juu. Kigoma joto halituonyeshi hali hiyo mara nyingi, ndiyo maana wauzaji wengi hupaniki wakitumiwa picha, wakarudisha hela bila sababu. Mwambie aweke dumu kwenye beseni la maji ya moto kwa muda, kisha alitikise. Yatarudi kama yalivyotoka. Bora zaidi, mweleze siku ya kumuuzia, ukiona anaishi nyanda za baridi.

Kilo nazo zina lalamiko la namna hii. Dagaa wakiendelea kukauka njiani hupungua kidogo, na mizani ya dukani kwake siyo mizani yako. Upungufu mdogo katika kilo 10 ni wa kawaida. Kilo nzima ikipungua siyo hali ya hewa. Ama ulipima vibaya, ama mzigo ulifunguliwa. Angalia picha ya kamba.

Hatua ya 6: Irudi, ibadilishwe, au bei ipunguzwe

Kabla ya kusema "nirudishie mzigo", piga hesabu. Tuseme kitenge ni shilingi 35,000 na nauli ya kukirudisha ni 10,000, na kosa ni lako. Kikirudi umetoa 35,000 na 10,000, umebaki na kitenge chenye doa ambacho utakiuza labda 20,000. Umepoteza 25,000. Ukimwambia mteja, "Dada, doa liko upande mmoja, nikikurudishia 15,000 ukabaki nacho utaridhika?" na akakubali, umepoteza 15,000, naye amepata kitambaa cha kushona bila safari ya pili kwenda ofisi ya basi.

Mwache achague. Mpe njia mbili au tatu kwa pamoja: hela yote kitenge kirudi, au punguzo abaki nacho, au kingine pamoja na mzigo ujao bila nauli. Punguzo ukilitoa kama njia pekee linageuka kuwa shinikizo. Na akichagua hela yote, ni haki yake, usimnunie.

Chakula kilichoharibika usikirudishe Kigoma kwa hali yoyote. Mwombe akitupe akiwa amewasha video, umrudishie hela. Kuna wauzaji wanaotaka dagaa wenye ukungu warudi "ili nihakikishe", kisha wanaonekana wamechanganywa kwenye mzigo mwingine. Huko ni kuhatarisha afya za watu.

Hatua ya 7: Namna ya kurudisha hela

Rudisha kwenye namba ileile iliyolipa. Kanuni hii ishike hata mteja akisema simu yake imeharibika, kwa sababu matapeli wanavizia hapa. Mtu anaona malalamiko hadharani, anakuandikia kwa akaunti inayofanana na ya mteja: "hela yangu itume kwenye namba hii, jina litatokea la mume wangu." Kila Mtanzania mwenye simu ameshapata ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii"; huu ni ndugu yake, ila umevaa nguo za mteja wako.

Wakati mwingine kanuni haiwezekani. Mteja alilipia kwa wakala, kwa hiyo namba iliyokutumia hela ni ya wakala. Au alilipa mume. Hapo piga simu ya kawaida kwenye namba iliyoweka oda, muulize kumbukumbu namba ya muamala wa malipo yake, na akikutajia sahihi mwambie aandike kwa ujumbe namba na jina la kupokelea. Kabla ya kubonyeza kukubali, soma jina linalotokea kwenye simu. Likitofautiana na aliloandika, simama. Namba inayojaribu kukutapeli itume kwenda 15040, hiyo ndiyo namba ya kuripoti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Makato nayo yana utaratibu. Kosa likiwa lako, rudisha pamoja na ya kutolea, ili hela itakayoshikwa mkononi iwe ileile iliyotoka. Mteja akibadili mawazo, makato ni yake, mradi uliandika hivyo kwenye masharti. Ukishatuma, mtumie picha ya muamala na umwombe ajibu neno moja, "nimepokea". Jibu hilo ndilo linalofunga jalada.

Hela itoke wapi? Kila ukiuza, tenga kidogo kwa ajili ya marejesho. Asiyetenga hurudisha hela ya mteja mmoja kwa kutumia oda ya mteja mwingine, na mnyororo huo ukianza haukatiki.

Hatua ya 8: Anayetaka kukuonea

Wapo, ingawa ni wachache kuliko tunavyodhani. Anatuma ujumbe bandia wa malipo kisha anadai umrudishie "iliyozidi": usiamini ujumbe, angalia salio. Kwa M-Pesa piga *150*00#; mitandao mingine ina menyu zake. Mwingine analipa kweli, anapokea risiti ya basi, kisha anaiambia kampuni ya simu kwamba alikosea namba. Kampuni zina utaratibu wa kurudisha muamala uliokosewa, kwa hiyo ukipigiwa au ukiona kiasi kimezuiwa, wasiliana haraka na huduma kwa wateja kwa namba 100, ukiwa na mazungumzo ya oda na risiti ya mzigo. Wa tatu anatuma picha ya uharibifu ambayo siyo ya mzigo wako. Mwombe apige nyingine yenye jina lake lililoandikwa kwa mkono kwenye karatasi pembeni.

Hata ukiwa na uhakika kwamba ni mwongo, usirushe namba yake, picha yake wala anwani yake kwenye stetasi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda hata yeye, na utageuka mshtakiwa katika jambo ambalo ulikuwa mlalamikaji.

Hatua ya 9: Mkishindwana

Kwanza tafuteni mtu wa kati mnayemwamini wote, kwa mfano muuzaji mwingine mkubwa wa bidhaa hiyo au ndugu wa mteja aliyeko Kigoma. Mtumieni video na mazungumzo yote, na mkubali mapema kwamba mtafuata atakachosema. Mambo mengi ya elfu thelathini na hamsini huishia hapo.

Kikiwa kiasi kikubwa, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya aina hii, na malalamiko ya mlaji kupotoshwa hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Palipo na wizi wa wazi ni polisi. Popote mtakapokwenda, usifute mazungumzo ya WhatsApp wala ujumbe wa miamala: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi. Hamisha nakala kwenye barua pepe, kwa sababu simu huibwa na huanguka majini.

Hatua ya 10: Daftari

Kila lalamiko likiisha, liandike: tarehe, bidhaa, kiasi kilichorudi, sababu kwa neno moja au mawili, na mzigo ulinunua kwa nani au ulipakia basi gani. Mwisho wa mwezi soma safu ya sababu peke yake. "Mchanga" ukijirudia kwa muuzaji yuleyule wa mwaloni, ongea naye au nunua kwa mwingine. "Limevuja" likijirudia, badilisha aina ya madumu. "Rangi siyo" ikijirudia, hamisha mahali unapopigia picha. Na mteja yuleyule akionekana mara ya tatu kwa sababu tatu tofauti, safari ijayo mwambie kwa heshima kwamba mzigo huo huna.